Mashine Isiyopakatika

Shosho mmoja nisiyemjua aliniangalia kwa muda kabla ya kusema neno. Tulikuwa benchi moja nje ya chumba cha daktari wa macho, watu 17 mbele yetu, nami nimeshikana mieleka na kompyuta yangu mpya. Mguu wake wa nyuma, kile kibati chembamba kinachofunguka kuisimamisha, ulikuwa umenikita mapajani kama ukingo wa sufuria. Nikibana magoti, inasimama. Nikiyaachia kidogo, inalala chali. Kibodi yake laini ilibonyea katikati kama godoro la gesti, na kila nilipogonga herufi skrini ilitikisa kichwa, kana kwamba inakubaliana nami katika kila upuuzi niliouandika.

"Wee mwanangu," shosho akasema hatimaye, "hiyo kitu inakusumbua. Ngoja."

Akainua kiondo chake kutoka sakafuni, akakitua mapajani mwangu bila kungoja jibu. Kilikuwa kizito, kipana, kimejaa hadi mdomoni na kufunikwa leso. Nikaiweka mashine juu yake. Ikasimama wima kama askari wa gwaride.

"Ni nduma tu," akaniambia. "Hazivunjiki."

Kushoto kwangu alikaa baba, ametiwa dawa ya kupanua mboni na haoni hata vidole vyake sawasawa. Akauliza kuna nini. Nilipomweleza alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Kompyuta nimelipia elfu arobaini na sita. Meza nimeazima ya nduma.

Hizo ni wiki sita zilizopita, na jambo lenyewe halijanitoka kichwani.

## Kupakata

Wanaonisoma hapa wanajua ugali wangu unatoka kwenye maneno. Nahariri miswada, nasahihisha prufu za vitabu vya shule, yaani zile kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa, mara mojamoja natafsiri. Kwa hiyo msinishangae nikiianza kesi hii kwenye kamusi badala ya dukani.

Kipakatalishi. Lipasue neno hilo utakuta kupakata na tarakilishi. Kupakata ni kile kitendo cha kuweka kitu mapajani na kukizungushia mkono kisianguke. Tunapakata watoto. Tunapakata sahani ya pilau arusini, maana meza zimeishia kwa wageni wa mbele. Tunampakata mtoto wa abiria tusiyemjua kwenye matatu iliyojaa, ili mama yake apate pa kushika. Aliyelibuni neno hilo hakushughulika na prosesa wala betri. Alitazama mahali mashine inapokaa kwenye mwili wa mtu. Wenzetu wa Tanzania nao tableti wameiita kishikwambi, na humo ndani sikio langu linasikia kushika. Moja ya mapaja, nyingine ya mkono.

Sasa hii yangu, tableti inayobandikwa kibodi kwa sumaku, niiweke wapi? Ikiwa na kibodi haishikiki. Ikiwa imesimama haipakatiki. Ni ya kuwekwa. Na kitu cha kuwekwa kinadai meza, nami meza yangu ni moja tu, iko mtaani Umoja hapa Nairobi, na nusu yake imekaliwa na jiko la gesi.

Waliokuwa na watoto wa kuingia darasa la kwanza mwaka 2013 wanakumbuka ile ahadi ya serikali ya kuwapa vipakatalishi. Wanakumbuka pia kwamba zilizoanza kufika shuleni mwaka 2016 zilikuwa tableti. Baba, mwalimu mstaafu, alisema wakati ule kwamba ahadi imetoka mapajani ikashukia kiganjani. Nilidhani ni mzaha wa ukumbini.

## Mkoba

Acha niseme ukweli kuhusu kilichonipeleka sokoni. Haukuwa uchakavu wa mashine ya zamani. Ilikuwa begi.

Begi la kompyuta linajitangaza. Ukishuka Barabara ya Tom Mboya saa moja jioni na lile begi jeusi la mstatili begani, ni kama umebeba bango. Sijawahi kuporwa, nashukuru, lakini miaka saba nilitembea mjini nimelikumbatia mbele kama mjamzito. Ndani mna kilo mbili na nusu za kompyuta na chaja inayokaribia tofali. Bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Fundi wangu wa nguo ndiye aliyenionyesha, akipima blauzi.

Hii mpya, pamoja na kibodi, ni kilo moja na ushee. Inaingia kwenye mkoba wangu wa kila siku, kati ya leso na kopo la chakula, na hakuna anayejua.

Halafu kuna feni. Tunalala chumba kimoja na binti yangu wa miaka minne, na ile ya zamani ikifungua faili la picha nyingi saa tano usiku inanguruma kama kinu cha posho. Mtoto ameota ndoto nyingi za lori kwa sababu yangu. Hii haina feni kabisa. Usiku wa kwanza nilidhani imezimika.

Hayo mawili peke yake yangetosha kuninunulisha. Lakini siyo yaliyoninunulisha.

## Kaunta ya kioo

Jumamosi moja nilipanda ngazi za jengo fulani karibu na Barabara ya Luthuli, mahali ambapo kila mlango ni duka, na kila duka ni kaunta ya kioo na kijana mmoja anayekula chipsi.

"Madam, hizi zote ni ex-UK. Hakuna imetumika hapa."

Niliweka mbili mbele yangu. Kulia, kipakatalishi cha ThinkPad T480, muundo wa 2018, kona zimekwaruzika, elfu thelathini na mbili. Mashine ya adabu. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma, na ile ya nyuma unaivua kwa vidole mashine ikiwa bado inafanya kazi. Memori unaongeza kwa bisibisi. Bawaba zake zinafunguka mpaka skrini ilale sambamba na kibodi, na ukiiacha popote inaganda hapohapo. Kushoto, hii ya mguu. Elfu arobaini na sita na kibodi yake. Kalamu ni elfu nne na mia tano, mbali.

Nilipokunja uso akatoa nyingine ya mguu, pacha wa ile ya kwanza, elfu thelathini na nne. "Ni sawa tu, madam. Hii ni bei ya rafiki."

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeshaulizwa na watu watatu. Mapacha hao si sawa. Fungua mipangilio, tafuta maelezo ya mashine, soma jina la prosesa. Kwenye mashine za Intel za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya ule mstari mdogo ndiyo kizazi. Ya rafiki iliandikwa i5-7300U. Kizazi cha 7. Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, mbali na vighairi vichache mno, na Windows 10 ilifikia mwisho wa kutunzwa tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji atakuonyesha kwamba mashine yake "iko na Windows 11, si unaona?" Ni kweli, iko nayo, imeingizwa kwa mlango wa nyuma. Microsoft hawajakuahidi chochote kuhusu kesho yake. Mimi mashine nakaa nazo miaka saba, kwa hiyo kesho yake ndiyo ninayoilipia.

Niliomba pia anifungulie dirisha jeusi la amri nikaandika powercfg /batteryreport. Inatoka ripoti yenye namba mbili: betri ilizaliwa na uwezo gani, na leo imebaki na gani. Hii ilizaliwa na 45,000, imebaki na 38,000 na kitu. Kisha nikaiinua kwenye mwanga nikachungulia ukingo wote wa kioo, kama unavyochungulia sufuria kutafuta tundu. Kwenye mashine za gundi, betri ikivimba inakisukuma kioo kutoka ndani, na ule ufa mdogo wa pembeni ndio barua ya kwanza.

"Madam, umesomea hizi?"

"Nimesomea Kiswahili."

Akacheka, akafuta mafuta ya chipsi kwenye suruali, akanipa kalamu nijaribu.

Akili yangu yote ilikuwa kulia, kwenye T480. Bei, betri, bisibisi, bawaba, kila hoja ilikuwa upande ule. Nikaishika kalamu ya kushoto nikafungua ukurasa mtupu. Bila kufikiri nikaandika neno nililoliandika mara nyingi kuliko jina langu, ng'ombe, na king'ong'o chake. Halafu nikalikata kwa ule mkia wa mhariri, kitanzi kidogo cha kuondoa. Wino ulifuata mkono. Haukuchelewa, haukukatika, na kiganja changu kiliegemea kioo bila kuvuruga kitu.

Nilinunua kwa mkono. Akili niliiacha pale kwenye kaunta.

## Kalamu

Ambaye hajasahihisha prufu ataona nimerogwa. Ngoja nieleze.

Kabla ya hapo kitabu cha kurasa 160 nilikichapisha kwenye saiba, shilingi tano kila ukurasa. Nakipitia kwa kalamu nyekundu, kisha napiga picha kila ukurasa wenye kosa na kutuma kwa WhatsApp. Mpangaji kurasa ananipigia saa nne usiku kuuliza, "Hapa umeandika nini?" Kuandika maoni kwa kibodi pembeni mwa PDF nilijaribu, nikachoka. Kosa la sekunde moja unalieleza kwa sentensi mbili: mstari wa nane, neno la tatu, ondoa kistari.

Na makosa yetu ni ya kipekee. Programu nyingi za kupanga kurasa zinakata maneno mwishoni mwa mstari kana kwamba zinasoma Kiingereza. Unakuta n- imebaki huku, dizi imeangukia mstari wa chini. Unakuta ng' imetenganishwa na ombe, yule mnyama amechinjwa kabla ya sikukuu. Kwa kalamu ni upinde mmoja tu, nimeiunganisha, nimeendelea. Kitabu kilichokuwa kinanila siku nne sasa ni siku mbili na nusu, na sijachapisha hata ukurasa.

Wiki mbili nilikuwa mtu wa kuchosha. Kila aliyenitembelea alionyeshwa kalamu.

Wiki ya tatu ikafa.

Betri yake ni ndogo, nyembamba kuliko ile ya rimoti. Imeandikwa AAAA. A nne. Duka la kwanza Umoja: "Ni tatu, dada, umehesabu vibaya." La pili, la tatu, supamaketi, mpaka mjini. Kijana mmoja wa kuuza saa alinitazama kwa huruma kabisa, kana kwamba nimemwomba tairi la meli.

Aliyeniokoa ni fundi wangu wa kompyuta. Alichukua betri ya mraba ya volti 9, zile za kengele na redio, akaibandua koti kwa koleo. Ndani mlikuwa na vibetri sita vyembamba vimejipanga kama ndizi za sukari. Si kila chapa iko hivyo, alinionya, nyingine ndani ni sahani bapa, na hata vikiwa vya duara uangalie upande wa chanya usije ukavigeuza. Akanipimia kimoja, akakitia kwenye kalamu. Kalamu ikafufuka. Vitano vilivyobaki nimevifunga kwa karatasi, viko kwenye kopo la sukari tupu jikoni.

## "Hii sifungui"

Kwa kuwa nilikuwa pale, na kwa kuwa moyo wangu ulikuwa umejaa shukrani, nikamwomba anipe rai yake juu ya mashine nzima.

Huyu ni mtu aliyeihudumia ile ya zamani kama mkunga wa mtaa. Bawaba ameshaibadilisha mara mbili. Kibodi mara moja, baada ya binti kuipa uji. Memori aliitoa 4 akaitia 8, diski ya kuzunguka akaitoa akaweka isiyozunguka, na mashine ikarudi ujanani. Kila mara alikuwa anaigeuza kifudifudi, anafungua skrubu kumi na moja, anaziweka kwenye kifuniko cha soda, anapuliza vumbi. Mbele ya macho yangu, chini ya shilingi elfu tatu.

Aliishika hii kwa ncha za vidole. Akaizungusha. Akatafuta skrubu. Akazungusha tena.

"Hii sifungui."

"Kwa nini?"

"Kioo kimebandikwa kwa gundi. Lazima niipashe moto, niingize plastiki pembeni polepole, nimuombe Mungu. Kioo kikipasuka umenunua kioo. Na memori imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuongeza kitu. Ilitengenezwa ikae vile ilivyo."

"Na ikiharibika?"

"Uniletee," akasema, akinirudishia kwa mikono miwili, "nikupe pole."

Hapo ndipo mambo yaliponigeukia. Kiondo cha shosho kilikuwa kichekesho. Hili halikunichekesha. Mtaani kwetu kitu kina thamani kwa sababu kuna mtu anayeweza kukifungua. Redio, viatu, pasi, pikipiki. Nilikuwa nimelipa elfu kumi na nne zaidi, bila kuhesabu kalamu, kununua kitu ambacho fundi wangu mwenyewe amekiogopa.

Usiku huo nilitaka kuirudisha. Nilijua hairudishiki.

## Waliozibuni nao

Badala ya kulala nilisoma. Mwaka 2001, kwenye maonyesho ya Comdex kule Las Vegas, Bill Gates alitabiri kwamba ndani ya miaka mitano kompyuta za namna hii, za kalamu na kioo, ndizo zitakazouzwa kwa wingi kuliko zote Marekani. Zilitoka mwaka uliofuata. Miaka mitano ikapita, na utabiri ukapita nayo.

Halafu, Januari 2010, Steve Jobs anaionyesha iPad kwa mara ya kwanza jukwaani San Francisco. Hakuionyesha akiwa amesimama tu. Alikaa kwenye kiti cha ngozi, akakunja mguu, akailaza pajani.

Microsoft wakaleta Surface mwaka 2012. Ilikuwa na mguu, na mguu huo uliweza kusimama kwa pembe moja tu. Ile ya kwanza isiyokubali programu za kawaida za Windows iliwatia hasara: Julai 2013 walifuta dola milioni 900 vitabuni kwa ajili yake. Mwaka huohuo mguu ukapata pembe mbili. Mei 2014 wakatoa ya tatu, ambayo mguu wake unasimama popote mpaka nyuzi 150, na kibodi ikaongezewa ukanda wa sumaku unaojikunja na kushika sehemu ya chini ya kioo ili isiyumbe ukiwa umekaa. Siku ya kuizindua waliyazungumzia mapaja waziwazi. Kuna hata neno la Kiingereza lililobuniwa kupimia mashine inakaa vipi mapajani. Mwaka 2017, nyuzi 165.

Nilicheka peke yangu gizani. Miaka mitano ya wahandisi wakirefusha mguu nyuzi kwa nyuzi, wanatafuta kitu ambacho sisi tunakijua tangu mtoto wa kwanza abebwe. Hawakuwa wajinga. Mashine ile uzito wake wote uko kwenye kioo, maana ndimo ilimo kompyuta, na kibodi ni kitambaa tu. Kipakatalishi kimekaa kinyume: uzito uko chini, kwenye paja, kichwa chepesi. Kitu chenye kichwa kizito hakipakatiki kikiwa kimesimama. Kichanga hakipakatwi wima namna hiyo.

Kichanga unakilaza.

Nilikaa na wazo hilo muda. Jobs aliilaza. Mimi benchini nilikuwa naisimamisha.

## Daftari

Mwalimu aliyenilea hakunifundisha kuamini hisia, kwa hiyo nilihesabu. Siku saba, kila nilipofungua mashine, niliandika kwenye daftari nafanya nini na niko wapi. Saa 41 kwa jumla. Za kuandika kwa kibodi, 12, na karibu zote mezani nyumbani, saa za alfajiri. Zilizobaki, 29, ni kusoma na kukata kwa kalamu: benchi, kitanda, kiti cha saluni, ile bustani nyuma ya ofisi ya mchapishaji mmoja anayelipa kwa kuchelewa. Kwenye saa hizo 29 sikuhitaji kibodi. Nilikuwa nayo tu, imebandikwa, kwa sababu niliilipia.

Kumbe kila siku nilikuwa naisimamisha kwa kiburi. Nilitaka ionekane ni kompyuta.

Sasa nikitoka naiacha kibodi nyumbani mara nyingi. Pale River Road nilinunua ule ubao wa kubania karatasi, shilingi 150, kwa siku ambazo lazima niandike nje. Naukubali, ni kichekesho: nimetafuta mashine nyepesi nikaiongezea ubao. Ya zamani haijauzwa. Iko mezani kando ya jiko, imeshtakiwa kwa kelele lakini haijafukuzwa, na mswada mrefu bado nauandikia humo.

Rafiki yangu ni mwandishi wa habari. Anaandikia magotini, kwenye mikutano ya hadhara, kwenye korido za mahakama, akishindana na saa. Aliona kalamu yangu akaingiwa na tamaa. Nilimwambia asithubutu. Achukue ile ya bawaba, ya elfu thelathini na mbili, abaki na chenji ya nauli ya mwezi. Aliniuliza mbona mimi sikufanya hivyo. Nikamwambia mimi si mwandishi, mimi ni msomaji anayelipwa, na ilinichukua kiondo cha nduma kulijua hilo.

Kuhusu gundi sina jibu. Nimenunua kifuniko cha mpira, na binti haruhusiwi na uji karibu. Fundi akikutana nami ananiuliza, "Mgonjwa wetu?" kama tunayemzungumzia yuko wadi.

## Benchi lilelile

Juzi tulirudi kwa daktari wa macho. Baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kabla ya kupangiwa siku ya upasuaji lazima apimwe tena. Foleni ilikuwa ileile. Shosho hakuwapo, nilimtafuta.

Nilikuwa na prufu za kitabu cha hadithi, darasa la tano. Bila kibodi, mashine imelala kwenye paja langu, kalamu mkononi. Baba akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia. Akaniambia nimsomee. Nikamwambia, "Baba, soma mwenyewe," nikamlazia mashine mapajani mwake na kumwonyesha jinsi ya kutanua ukurasa kwa vidole viwili.

Alizitanua herufi mpaka neno moja likajaza nusu ya kioo. Miaka miwili hajasoma gazeti, anasema wino wa siku hizi ni hafifu. Alisogeza kurasa kwa kidole cha shahada, polepole, midomo ikicheza. Mkono wa kushoto alikuwa ameuzungusha ukingoni mwa mashine. Nikampa kalamu. Aliishika kama chaki.

Dakika kumi hivi hakuna aliyesema kitu.

"Mama," akaniita, jina la mama yake ndilo langu, "huyu mtoto aligongwa na nini?"

"Mtoto gani?"

Akanigeuzia kioo. Ukurasa wa 38, ukurasa nilioupitia mara mbili, na wenyewe nilikuwa nimeuweka alama kwamba uko safi. Mjane alifanya kazi usiku na mchana kwa ajali ya mtoto wake. Baba alikuwa amelizungushia duara neno la nne kutoka mwisho, duara kubwa linalotetemeka, na pembeni ameandika i kwa mwandiko wa ubaoni.

Muuguzi akatoka na chupa ya dawa, akaita jina lake. Akaliita tena.

"Mwambie anipe dakika," baba akasema, bila kuinua kichwa. "Sijamaliza ukurasa."